Kijiko na Kopo: Historia ya Akiba katika Maziwa ya Watoto

Katika gharama zote za nyumba yenye mtoto mdogo, hakuna iliyo ngeni katika historia ya binadamu kama gharama ya kopo la maziwa ya unga. Chakula, nguo, kuni na pango ni mizigo ya kale. Kopo halijatimiza miaka mia mbili. Walakini katika muda huo mfupi limezaa desturi mbili za kuweka akiba, moja njema na moja mbaya mno, na ajabu ni kwamba ile mbaya ndiyo iliyotangulia kuenea. Desturi mbaya ni kupunguza unga na kuzidisha maji. Desturi njema ni kuchagua kopo la bei nafuu kati ya makopo yaliyo sawa, na kuliacha kopo kabisa umri wake ukipita. Ya kwanza haikuhitaji elimu wala ruhusa ya mtu. Mama aliifanya usiku, jikoni mwake, peke yake. Ya pili ilimtaka ajue jambo moja ambalo wauzaji hawakuwa na haja ya kumwambia, nalo ni kwamba bei iliyobandikwa juu ya kopo haipimi kilichomo ndani yake. Ukiitazama historia ya maziwa ya watoto kwa upande wa mfuko wa mzazi, utaona jinsi jambo hilo moja lilivyofichika, likafichuliwa, kisha likafichika tena.

Mwanzo wake ni katika Ulaya ya karne ya kumi na tisa. Mwaka 1865 mwanakemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, alitangaza chakula cha watoto kilichochanganywa kwa unga wa ngano, unga wa kimea, chumvi ya potasi na maziwa ya ng'ombe. Miaka miwili baadaye Henri Nestlé, Mjerumani aliyehamia mji wa Vevey katika Uswisi, alitoa unga wake wa maziwa na ngano. Tofauti ya vyakula hivi viwili ilikuwa ndogo kwa mwanakemia, lakini ilikuwa kubwa kwa mfanyabiashara. Chakula cha Liebig kilihitaji kutiwa maziwa mabichi. Cha Nestlé kilihitaji maji tu. Mtu asiye na ng'ombe wala muuza maziwa aliye mwaminifu aliweza kukitumia, na chombo kimoja kikasafiri hadi miji ya mbali. Mwaka 1875 Nestlé aliuza biashara yake kwa faranga milioni moja, akastaafu. Hapo ndipo maji yalipoingia katika habari hii, na tangu siku hiyo hayakutoka.

Unga wa namna hiyo haukuwa chakula cha mfanyakazi wa kiwanda. Yeye alipata maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari, ambayo Mmarekani Gail Borden alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1856, na ambayo kampuni ya Anglo-Swiss ilianza kuyatengeneza huko Cham, Uswisi, mwaka 1866. Maziwa haya yalikuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa na mafuta yake yote. Aina ya pili ilitengenezwa kwa maziwa yaliyokwisha kuenguliwa siagi kwa mashine. Siagi iliuzwa kwa wenye nacho, na mabaki yakatiwa sukari, yakafungwa katika makopo, yakauzwa kwa wasionacho. Makopo ya aina zote mbili yalipangwa juu ya rafu moja, na lile la pili lilikuwa rahisi. Mama wa Kiingereza katika mitaa ya maskini alifanya kile ambacho mnunuzi yeyote mwenye akili angefanya: alichukua lililo rahisi. Mtoto akanenepa kwa sukari, watu wakamsifu, kisha miguu yake ikapinda kwa matege, kwa kuwa pamoja na siagi vilikuwa vimeondoka vitamini A na D.

Jambo hili lastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa wauzaji wa baadaye walilitumia vibaya. Katika Uingereza ya miaka ile kopo rahisi kweli lilikuwa baya. Mwaka 1911 Dk. Coutts wa Bodi ya Serikali za Mitaa aliandika taarifa nzima juu ya maziwa haya mazito na matumizi yake kwa watoto, na kanuni za mwaka 1923 zikalazimisha makopo ya maziwa yaliyoenguliwa yaandikwe wazi kwamba hayawafai watoto wachanga. Kabla ya hapo mzazi hakuwa na sheria ya kutosha ya kumkinga; kinga yake ilikuwa jina la mtengenezaji na ukubwa wa bei. Kwa hiyo imani kwamba ghali ndiyo salama haikuzuka kwa ujinga. Ilizaliwa katika wakati ambapo ilikuwa kweli. Kosa la vizazi vilivyofuata lilikuwa kuishika imani hiyo baada ya sheria kuiondolea msingi wake.

Msingi huo uliondolewa kwanza na vita. Mwezi Julai 1940, Uingereza ikiwa imezingirwa, serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mama wajawazito na watoto wadogo painti moja ya maziwa kila siku kwa peni mbili, au bure kwa maskini kabisa. Mwisho wa mwaka huo ikatoa maziwa yake yenyewe ya unga, yakiitwa National Dried Milk. Yaliuzwa katika vituo vya ustawi wa watoto, hayakupambwa kwa picha za watoto wenye mashavu mekundu, wala hayakupigiwa debe. Matajiri na maskini walipanga mstari mmoja kuyachukua. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 kizazi cha Waingereza kilikua kwa kopo lisilo na jina la mtu, na hapana aliyeweza kumtambua mtu mzima barabarani akasema huyu alilelewa kwa kopo la serikali na yule kwa kopo la duka.

Haifai kuyasifu maziwa hayo kupita kiasi. Vitamini D iliyotiwa katika vyakula vya watoto baada ya vita ilizidi, baadhi ya watoto wakaugua kwa wingi wa chokaa katika damu, na mwaka 1957 kipimo kikapunguzwa. Tena unga wenyewe ulikuwa na chumvi nyingi kuliko ziwa la mama, na mama wengi wa Kiingereza walikuwa na tabia ya kukishindilia kijiko ili mtoto ashibe, hata figo za mtoto zikalemewa. Taarifa ya serikali ya mwaka 1974 ililikemea jambo hilo, na maziwa ya unga yasiyorekebishwa, likiwamo kopo la taifa, yakaondolewa katika miaka iliyofuata. Lakini yafaa kukumbuka kwamba katika miaka ile ile ambayo mama wa Manchester alikuwa akishindilia kijiko, mama wa Afrika alikuwa akikifuta nusu. Kopo lilikuwa moja na maandishi yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa mshahara.

Hesabu yake si ngumu. Mtoto wa miezi mitano asiyenyonya huhitaji maziwa yapatayo mililita 900 kwa siku. Kila mililita 100 hutaka unga wa gramu 13 hivi. Basi kwa siku ni gramu 117 au zaidi kidogo, na kopo la gramu 400 humalizika kwa siku tatu na masaa machache. Katika mwezi ni makopo tisa. Kibarua wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1960 ambaye angejaribu kununua makopo tisa kila mwezi angeona mshahara wake ukiyeyuka kabla ya kununua unga wa ugali wa wale waliobaki nyumbani. Hakuweza, basi akanunua makopo matatu. Mkewe hakuambiwa na mtu kwamba makopo matatu hayawezi kufanya kazi ya tisa. Aliyagawa kwa siku 30, na kila chupa ikawa na theluthi moja ya chakula na theluthi mbili za maji meupe, na maji yenyewe aghalabu hayakuchemka, maana kuni nazo zina bei. Mtoto akakonda kwa nyongea, au akaharisha, au yote mawili. Ziwa la mama likawa limekwisha kukauka.

Miongoni mwa matabibu walioliona jambo hili mapema alikuwa Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa amefanya kazi Gold Coast na kuujulisha ulimwengu wa utabibu ugonjwa wa unyafuzi kwa jina lake la Kigaa, kwashiorkor. Mwaka 1939, alipokuwa Singapore, aliwahutubia wafanyabiashara wa klabu ya Rotary hotuba aliyoipa jina la maziwa na mauaji, akawaambia kwamba matangazo ya maziwa matamu ya kopo kwa mama wenye kunyonyesha yanaua watoto. Yalihitajika moyo na ulimi wa namna ya pekee kusema hivyo mbele ya watu wa biashara, katika koloni la biashara.

Katika Afrika Mashariki kitovu cha elimu hii kilikuwa Mulago, Kampala. Hugh Trowell alikuwa ameuchunguza unyafuzi kwa miaka mingi, na kitabu alichokiandika pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean kikatoka mwaka 1954. Dean alikuwa mkuu wa kituo cha uchunguzi wa utapiamlo wa watoto hapo Mulago. Dawa yao kubwa wodini ilikuwa unga wa maziwa yaliyoenguliwa, ambao wakati huo ulifurika katika maghala ya Ulaya na Marekani, na shirika la UNICEF liliugawa bure. Wagonjwa walipona. Lakini mtoto alirudi nyumbani kwao katika migomba, na nyumbani hakukuwa na unga ule. Baada ya miezi michache alirejea hospitali akiwa amevimba vile vile, au hakurejea.

Kutokana na aibu hiyo ya kuponya bila kukomesha kilizaliwa, mwaka 1965, kituo cha Mwanamugimu, kilichopewa jina lake kwa methali ya Waganda. Mama alikaa hapo pamoja na mwanawe, akalima bustani ya kituo, akapika kitobero. Kitobero ni chakula cha mchanganyiko: ndizi au viazi pamoja na maharage, au karanga zilizopondwa, au samaki mkavu, au maziwa kidogo yakipatikana, vikafungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Hakuna kilichomo ambacho mama hakukijua tangu utoto wake. Kilichokuwa kipya ni kuvichanganya kwa kipimo, na kumpa mtoto aliyeachishwa ziwa sehemu yake mwenyewe badala ya kumwacha ashindane na wakubwa katika sahani moja. Kwa thamani ya kopo moja nyumba ingeweza kupata maharage na karanga za siku nyingi. Kama kuna mahali pamoja katika Afrika Mashariki ambapo akiba na afya zilifanywa somo moja, ni katika bustani ile ya Mulago, na historia za elimu ya lishe zingefanya vema kuitaja mara nyingi zaidi kuliko zinavyofanya.

Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto hapo Makerere tangu mwaka 1959 hadi 1966, aliondoka Kampala akiwa na hoja kali zaidi. Alisema kwamba kuna utapiamlo usioletwa na ukame wala nzige wala uvivu, bali unaoletwa na biashara, akautungia neno lake la Kiingereza lenye kuunganisha biashara na chanzo cha ugonjwa. Wauzaji wengi walilichukia neno hilo kuliko takwimu yoyote. Mwaka 1974 Mike Muller aliandika kijitabu The Baby Killer kwa shirika la War on Want la London, akieleza jinsi kampuni zilivyowavika wanawake sare nyeupe kama wauguzi na kuwaingiza katika wodi za wazazi. Kundi la watu wa Bern, Uswisi, lilipokitafsiri kwa Kijerumani na kuibandika jina la Nestlé katika anwani yake, kampuni iliwashitaki. Hukumu ilitolewa mwaka 1976: washitakiwa walipigwa faini ya faranga 300 kila mmoja, na hakimu akaiambia kampuni iutazame upya uuzaji wake. Ni nadra mshindi wa kesi kutoka mahakamani akiwa ameshindwa kwa kiasi kile. Mgomo wa kutonunua bidhaa zake ulianza Marekani mwaka 1977, na mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa badala za maziwa ya mama kwa kura 118. Marekani peke yake ilikataa, na nchi tatu hazikupiga kura upande wowote.

Kanuni hiyo ilikataza kutangaza maziwa ya watoto wachanga kwa umma, kugawa sampuli kwa mama na kumtumia muuguzi kama mchuuzi. Ilikuwa kazi njema. Lakini haikumwambia mzazi, ambaye kwa maradhi, au kazi, au yatima aliyemkuta mlangoni, ameshika kopo tayari, ni kopo lipi linalomfaa mfuko wake. Kwa swali hilo majibu yalitoka mahali pengine, na baadhi yake kwa bahati tu.

Jibu moja lilitoka Marekani. Huko serikali ilikuwa na mpango, ulioanzishwa mwaka 1972, wa kuwapa chakula mama na watoto maskini, na kwa kifupi chake waitwa WIC. Maziwa ya kopo yaliumeza mfuko wa mpango huo. Sheria ya mwaka 1989 ikaamuru kila jimbo litumie mashindano ya bei: kampuni zipeleke zabuni, na itakayorudisha fedha nyingi zaidi kwa kila kopo ndiyo itakayowauzia maskini wote wa jimbo lile kwa muda wa mkataba. Kampuni zilizokuwa zikiapa kwamba bei zao ndizo gharama zao zikarudisha sehemu kubwa ya bei ya jumla, katika mikataba mingine zaidi ya theluthi mbili, na zikaendelea kupata faida, kwa sababu kopo lililoshika mkataba ndilo lililojaza rafu za maduka na kununuliwa na wasio maskini pia. Lakini la maana zaidi kwa habari hii ni jambo ambalo hapana aliyelikusudia. Kila mkataba ulipokwisha na kampuni nyingine ikashinda, maelfu ya watoto wa jimbo zima walibadilishiwa kopo karibu kwa siku moja. Kama kubadili kopo kungekuwa hatari kama wazazi walivyoogopeshwa, hospitali za majimbo hayo zingejaa kila mkataba ulipobadilika. Hazikujaa.

Ukweli ni kwamba sheria za nchi nyingi hutaja kirutubisho kimoja kimoja kinachopaswa kuwamo katika maziwa ya mtoto mchanga, na kiasi chake cha chini na cha juu. Kopo lisilotimiza haliruhusiwi kuuzwa; lililotimiza limetimiza, liwe la shilingi chache au nyingi. Mtoto mwenye afya akibadilishiwa, choo chake chaweza kugeuka rangi au ugumu kwa siku chache, kisha hutulia. Anayepaswa kungoja neno la tabibu ni yule aliyepewa maziwa maalumu kwa ajili ya ugonjwa, kama wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Na kuna tahadhari moja ambayo wanunuzi huisahau: kijiko cha kopo moja si kijiko cha jingine. Katika makopo mengi ya Uingereza kijiko kimoja huenda na mililita 30 za maji. Katika mengi ya Marekani kijiko kimoja huenda na 60. Anayehamia kopo jipya huku akitumia kijiko cha zamani aweza, bila kukusudia, kurudi katika dhambi ya zamani ya maji mengi, au ile ya Manchester ya unga mwingi.

Uingereza yenyewe, iliyowahi kulitunza taifa kwa kopo moja, ilikuja kujifunza somo hilo upya. Kopo la serikali lilipokwisha kuondoka, soko lilirudi mikononi mwa kampuni chache, na Mamlaka ya Ushindani ilipotoa taarifa yake mwezi Novemba 2023 ilionekana kuwa bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 25 katika miaka miwili. Taarifa ya mwisho ya Februari 2025 ilikadiria kwamba mzazi aliyehama kutoka kopo linalopendwa na wengi kwenda lililo rahisi angeweza kuokoa pauni zipatazo 300 katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Kwa nini basi hakuhama? Kwa sababu wazazi wengi walichagua katika siku za kwanza baada ya uzazi, wakiwa wamechoka na kuogopa, wakashika lile waliloliona wodini au lile la bei kubwa, wakidhani bei ndiyo ushahidi. Tena sheria iliyokataza kuyatangaza maziwa ya mtoto mchanga ilikataza hata kutangaza kupunguzwa kwa bei yake. Kinga ya mama mwenye kunyonyesha ikawa, bila kukusudiwa, pazia mbele ya macho ya mama asiyenyonyesha. Mamlaka haikushauri kanuni ilegezwe ili matangazo yarudi. Ilishauri hospitali zitumie maziwa yasiyo na jina la kampuni, na wazazi wapewe habari zilizo wazi mapema. Kwa maneno mengine, ilishauri kitu kinachofanana sana na kopo lile la mwaka 1940.

Uchina yaonyesha upande mwingine wa sarafu hiyo. Mwaka 1957 hofu ya Uingereza ilikuwa vitamini iliyozidi. Mwaka 2008 hofu ya Uchina ilikuwa melamini. Wachuuzi walitia maji katika maziwa ili yawe mengi, kisha wakatia kemikali hiyo ili vipimo vidanganyike kuwa protini haijapungua. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafa. Yaani akiba ile mbovu ya maji, iliyofanywa na mama maskini kwa kukosa njia, hapa ilifanywa na wenye mali kwa tamaa. Wazazi wakakimbilia makopo ya kigeni kwa bei yoyote, na tamaa nyingine ikaona nafasi yake: mwezi Agosti 2013 serikali ya Uchina ilizitoza kampuni sita, nyingi zikiwa za kigeni, faini ya yuani zipatazo milioni 670 kwa kupanga bei. Hongkong nayo ilikuwa imekwisha kuweka sheria, tangu Machi mwaka huo, kwamba msafiri asitoke na zaidi ya kilo 1.8 za unga huo. Pale ambapo dola haiaminiki, bei hugeuka kuwa hirizi, na hirizi haina bei halali.

Yote haya ni juu ya kopo la mtoto mchanga. Limebaki kopo jingine, ambalo historia yake ni fupi na la kustaajabisha zaidi, nalo ni la mtoto aliyekwisha kutembea. Kabla ya Kanuni ya 1981 dunia haikulilia kopo la mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mtoto wa umri huo alikuwa akila chakula cha nyumbani na kunywa maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi, na kunyonya kama mama alikuwa hajamwachisha. Kanuni ilipofunga mlango wa matangazo ya mtoto mchanga, kampuni nyingi ziligeukia milango ya pembeni: maziwa ya baada ya miezi sita, kisha ya baada ya mwaka, kisha ya baada ya miwili. Makopo yalipewa namba kama madarasa ya shule, 1, 2, 3, na rangi moja, na mnyama mmoja wa kuchekesha. Mzazi asiyependa mwanawe abaki nyuma hupanda naye darasa. Na tangazo la kopo la tatu, ambalo nchi nyingi hazikulikataza, lilitangaza la kwanza kimya kimya, kwa kuwa jicho halisomi namba bali rangi. Mkutano Mkuu wa Afya ulikuwa umeonya mapema, mwaka 1986, kwamba maziwa hayo ya kufuatia si ya lazima. Onyo lilipita kama upepo. Katika Marekani kiasi cha maziwa ya watoto wadogo kilichouzwa kiliongezeka mara 2.6 kati ya mwaka 2006 na 2015, na fedha za kuyatangaza ziliongezeka mara nne.

Wataalamu hawakugawanyika sana katika hukumu yao. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2013 kwamba maziwa hayo hayana kazi ya pekee katika chakula cha mtoto mdogo. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilisema vivyo hivyo mwaka 2023: hayazidi kwa lolote mlo wenye mchanganyiko mwema pamoja na maziwa ya mama au ya ng'ombe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka huo huo haukuyapendekeza kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23, ukasema maziwa ya wanyama yafaa. Hata uhaba ulitoa ushahidi wake. Mwezi Februari 2022 kiwanda kikubwa cha Abbott huko Sturgis, Michigan, kilipofungwa kwa kuhofiwa vijidudu, na ndege za jeshi zikatumwa kuleta maziwa kutoka Ulaya, matabibu waliwaambia wazazi wa watoto waliotimiza mwaka waliache kopo wahamie maziwa ya kawaida. Shauri hilo halikuwa dawa ya dharura. Lilikuwa kweli siku zote, ila katika siku za wingi hapana aliyekuwa na sababu ya kulipigia kelele.

Katika Afrika Mashariki sheria zimekuja kwa hatua. Tanzania ilitoa kanuni zake za uuzaji wa badala za maziwa ya mama mwaka 1994, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Zinazuia tangazo na zawadi. Hazipangi bei, wala hazimwambii mnunuzi mwenye kopo mkononi kwamba mtoto wake, aliyemaliza mwaka na anayekula, angetosheka kwa vikombe viwili kwa siku vya maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, yaliyokamuliwa labda maili chache kutoka dukani. Nusu lita ya maziwa hayo kwa siku, badala ya unga wa gramu 60 na ushei, huliondolea nyumba makopo ya gramu 400 manne au matano kila mwezi. Fedha hiyo ni mayai, ni dagaa, ni karanga za kitobero.

Tume ya Codex Alimentarius, ambayo huweka viwango vya vyakula vya dunia na iliyokuwa imeandika kiwango cha maziwa haya ya kufuatia mwaka 1987, ilikiandika upya kiwango hicho mwaka 2023, baada ya mabishano ya zaidi ya miaka kumi. Sehemu ya pili yake ni ya vyakula vya watoto wa miezi 12 hadi 36. Wajumbe walishindwa kukubaliana juu ya jina moja la bidhaa hiyo, hata wakaruhusu majina manne: wengine waliita kinywaji cha watoto wadogo, wengine bidhaa ya watoto wadogo, na kila moja laweza kufuatwa na maneno ya kuongezewa virutubisho. Katika majina yote manne, neno maziwa halimo.